Gardon wakubwa wa bwawa la masista, Laeken: nilivyojifunza kuwavua kwa ajili ya mama aliyekataa kula

Wakuu, amani iwe kwenu.

Sifa zote nazirudisha kwa Mungu, aliyenipa uzee na bado akaniachia kumbukumbu. Kabla ya kuandika nimemwomba anizuie nisiongeze chumvi, maana kwenye habari za samaki mikono ya msimuliaji hutanuka yenyewe. Nitasema niliyoyaona tu.

Mwanajukwaa mmoja aliye ughaibuni aliuliza juzi kwa nini kila akitupa ndoano anapata vidagaa, wakati Wazungu pembeni yake wanatoa samaki wenye mwili. Nilianza kumjibu kwenye uzi wake. Jibu likawa refu, likaanza kunitoa machozi, nikaona nifungue uzi wangu.

Samaki mwenyewe anaitwa gardon kwa Kifaransa. Kwa Kiingereza ni roach, na msicheke, si mende. Ni samaki wa fedha, mapezi mekundu, na jicho lake ni jekundu kama punje ya komamanga. Ulaya yupo kila mahali, kwenye mito, mifereji na mabwawa. Kumpata ni rahisi. Kumpata mkubwa ni habari nyingine.

Mimi ni mtu wa Kigoma. Miaka ya tisini kanisa lilinituma Brussels kusoma katekesi. Masista fulani wa Laeken, kaskazini mwa jiji, wakanipa chumba kwenye jengo lao la pembeni, nami nikawa nawasaidia kazi za bustani. Bustani ile ilikuwa kubwa kuliko unavyodhani ukiwa nje ya ukuta. Chini kabisa, kwenye miti, kulikuwa na bwawa linalolishwa na chemchemi. Maji yake yalikuwa meusi na masafi. Asubuhi ukungu ulilala juu yake kama shuka ambayo hakuna aliyetaka kuikunja.

Kwenye nyumba ya ghorofa iliyokuwa ng'ambo ya ukuta alikaa rafiki yangu Papa Déo, mtu wa Uvira, upande wa Kongo wa ziwa letu. Alifanya kazi kiwandani Forest, kusini kabisa mwa jiji. Tulifahamiana Matonge, mtaa wa Wakongo pale Brussels, dukani, wote wawili tukiwa tumetumbukiza mikono kwenye gunia moja la dagaa wakavu. Yeye akiwaita ndagala, mimi dagaa, tukacheka, tukawa ndugu. Tangu siku hiyo hakuniita jina langu tena, alikuwa akiniita Katekista.

Baada ya vita kufika Uvira, mama yake alivuka ziwa kwa boti hadi kwetu Kigoma, akakaa kambini, na kwa rehema za Mungu mwanawe akafanikiwa kumleta Brussels.

Mama alifika salama. Akavuliwa sweta la kambi, akavalishwa koti zito, akapewa chumba chenye dirisha.

Halafu akaacha kula.

Si kwa ghafla. Alikuwa anakula kidogo, halafu nusu ya kile kidogo, halafu anashukuru na kusukuma sahani. Mke wa Papa Déo alikuwa ameshafariki, kwa hiyo yeye mwenyewe alijitahidi: kuku, ndizi, sombe (kisamvu), supu. Alimnunulia hata samaki wa dukani, wale wa mstatili, weupe, wasio na kichwa wala mwiba. Alimkatia vipande vidogo akamwekea kijiko mkononi.

Nilikuwepo siku hiyo. Mama alitazama kijiko, akasema polepole, "Munanilisha kama mutoto mudogo. Niko mugeni hapa. Mugeni anakula nini peke yake?"

Daktari alimpima, akamwambia Papa Déo kwamba akiendelea kupungua watamlaza na kumlisha kwa mpira. Akapanga siku ya kumpima tena. Papa Déo alinieleza haya kwenye ngazi, kwa sauti ya chini, akiwa ameshika kofia yake. Alisema mama yake akiingia hospitali hatatoka, kwa sababu mwili utakuwa kule lakini moyo umeshaondoka. Tulisali pale pale kwenye ngazi, majirani wakitupita.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo samaki anapoingia.

Kutoka dirishani kwa mama, majani yalipoanza kupungua, bwawa la masista lilionekana. Kipande tu, kinang'aa kati ya miti. Mama alikuwa akikaa hapo kutwa. Jioni moja nilipokwenda kumsalimu akaninyooshea kidole huko nje.

"Ile maji iko na samaki?"

Nikamwambia ndiyo, Mama, wapo.

"Bon. Ya ile maji nitakula." Akaniona namtazama Papa Déo, akaongeza, "Ninajua si Tanganyika. Sina wazimu. Lakini maji ni maji."

Wakuu, sikumbuki kama niliaga.

Kesho yake Jumamosi mimi na Papa Déo tulikwenda bwawani na wavu wa goli. Ndiyo, wavu wa mpira, aliuazima kwa watu wa timu ya kiwandani kwao. Tukakunja matundu mara mbili ili yawe madogo. Sasa kule kwetu mwambaoni, pande zote mbili za ziwa, ipo namna ya kuvua ambapo unatega wavu halafu unapiga maji kwa miti, samaki anashtuka anakimbilia wavuni. Hatukujadiliana hata kidogo. Tulitega, tukachukua miti, tukaanza kupiga maji na kupiga kelele kama watu wenye akili zao, katikati ya Laeken, masista wakiwa kwenye sala.

Walitoka wote. Walidhani kuna mtu anazama.

Wavuni tulipata majani, kiatu, na kasamaki kamoja urefu wa kidole.

Masista wengine walirudi ndani wakifunika midomo. Akabaki mmoja, Sista Godelieve. Alikuwa Mflamandi, Mbelgiji wa upande wa Kiholanzi, mfupi, amezeeka, na alikuwa ameishi Kivu, Kongo, miaka mingi, anaongea Kiswahili cha kule kuliko sisi. Alitutazama tulivyolowa hadi kiunoni.

"Alors, Katekista," alisema. "Hii maji imewakosea nini?"

Papa Déo akamweleza habari za mama. Sista hakutania tena. Alikaa kwenye benchi, akasema baba yake alikuwa mvuvi wa ndoano kwenye mto wa kwao, na alipokuwa msichana alikaa naye ukingoni kila Jumapili baada ya Misa. Akasema kwenye bwawa lile gardon wamejaa kupita kiasi, ndiyo maana wengi ni wadogo. Lakini wakubwa wapo. Yeye huwaona wakati wa kiangazi wakipita chini ya yungiyungi, taratibu, kama mapadre wakienda altareni.

"Hapa samaki anaitwa," akasema. "Hapigwi."

Jioni ileile akatoka na fimbo ndefu ya kuvulia, ya kuunganisha vipande, isiyo na roli la kukunjia mshipi. Mshipi mwembamba kama unywele, boya la unyoya wa bata, chubwi za kuzamishia mshipi, ndogo kama mbegu za mchicha, na ndoano ambayo niliitafuta kiganjani kwangu mara mbili. Nikamwambia, Sista, hii ni ya kushonea vifungo. Akasema nishone, basi.

Kwa kuwa sisi ni watu wa ziwa, tulijua samaki hulishwa. Nilipika ugali, watu wa Uvira huuita bukari, nikafinyanga matonge makubwa kama chungwa, nikatupa matatu majini. Samaki walikuja, nakubali. Maji yalichemka. Walikula wakashiba wakaondoka, na sisi tukabaki na vitoto vilivyochelewa karamu.

Tulikaanga hivyo vitoto tukampelekea mama. Tulikuwa na furaha kweli.

Mama akavitazama kwenye sahani. "Hii ni chakula ya paka," akasema. Kisha, kwa upole zaidi, "Mulivua batoto. Mama yabo alibakia wapi?"

Papa Déo alikwenda kusimama jikoni, amegeukia ukuta. Siku ya daktari ilikuwa inakaribia na mashavu ya mama yalikuwa yameingia ndani.

(Samahani wakuu, nilikwenda kunywa dawa. Tuendelee.)

Nilirudi kwa Sista Godelieve nikamwambia nifundishe kama mtu asiyejua kitu. Akaniambia kwanza niende kwenye duka la chakula cha njiwa na ndege wa kufugwa, ninunue mbegu za chènevis. Nikauliza ni mbegu za nini. Akanijibu bila kupepesa kwamba ni mbegu za bangi.

Mkatekista mzima! Nilimwuliza tena kwa Kifaransa, nikidhani Kiswahili kimemponyoka. Hakikuwa kimemponyoka. Kule ni chakula cha ndege cha halali, hazileweshi mtu, na gardon anazipenda kuliko chochote. Lakini nilipoingia dukani nilinong'ona, na mwenye duka akaniuliza kwa sauti kubwa kama ninazitaka kwa ajili ya kuvulia. Sista alizichemsha kwenye sufuria ya jikoni ya masista hadi zikapasuka na kuonyesha kiini cheupe. Jengo zima lilinukia kama karanga na udongo wa mvua.

Kisha akanipa sheria zake. Nawapa kama alivyonipa, kijana uliyeuliza usome hapa polepole.

Kaa chini, mbali kidogo na ukingo. Kivuli chako kikigusa maji, umeshajitangaza.

Tupa mbegu chache, zile zinazoshikwa na vidole vitatu, kisha usubiri, kisha tena chache. Usiache hata kama hakuna anayekula. Wadogo watakuja kwanza. Waache waje, wapigane, wafanye kelele zao. Wakubwa wanasikia ile shughuli, wanakaa chini yake, wanakula zinazowapita. Kwa hiyo ndoano yako isikae juu kwenye ghasia. Sogeza chubwi karibu na ndoano ili ipite haraka wadogo wasiidake, ikafike chini kwenye utulivu. Na chambo kiwe kikubwa kuliko mdomo wa mdogo.

Chambo kikubwa tulikuwa nacho. Bukari ya jana, iliyolala, ukiikanda na tone la asali inakuwa laini na haitoki kwenye ndoano. Nikafinyanga kama harage. Hilo Sista hakulijua, akalipenda.

Shida yangu ilikuwa kusubiri. Mikono ya mtu wa ziwa haijui kutupa kidogo. Nilikuwa ninatupa, nahesabu kichwani, nachoka, natupa konzi nzima. Sista akanitazama, akatoa rozari mfukoni mwake akaniwekea mkononi.

"Fungu moja, mbegu kidogo," akasema. "Fungu moja, mbegu kidogo."

Basi ndivyo nilivyovua, wakuu Wakatoliki msinihukumu. Salamu Maria kumi, taratibu, bila kukimbia. Atukuzwe Baba. Vidole vitatu vya mbegu majini. Kisha Baba Yetu na fungu linalofuata. Nilimwuliza kama si kukosa heshima kwa sala, akasema mitume nao walikuwa na mikono yenye harufu ya samaki na Bwana hakuwafukuza.

Siku za kwanza sikupata mkubwa hata mmoja. Lakini kitu fulani kilinitokea, nashindwa kukieleza vizuri. Nilikuwa nafika alfajiri ikishapambazuka, ukungu umelala, kengele ya masista inalia mahali ambapo huwezi kusema ni wapi. Boya limesimama. Majani ya njano yanashuka yenyewe, moja, halafu jingine, yanakaa juu ya maji bila kuyagusa. Nikiinua macho, juu kabisa kati ya miti, naona dirisha la mama, na umbo lake nyuma ya kioo. Sijui kama aliniona. Nilikuwa nikimwombea katika kila fungu, na baada ya muda sikujua tena wapi sala inaishia na wapi maji yanaanza. Kuna asubuhi ningeapa kwamba nasikia makasia. Nilifumba macho nikanusa Kigoma, moshi wa kaushio la dagaa, nikafumbua, nikaona unyoya wa bata umesimama kwenye maji ya Ubelgiji.

Samaki nao walizoea. Ilifika mahali nikianza Atukuzwe Baba, maji yanatikisika kabla sijatupa.

Sista alinionya kwamba baridi kali ikianza wakubwa watashuka kilindini na kuacha kula mpaka majira ya kuchipua. Usiku mmoja vioo vya madirisha viliingia barafu kwenye pembe. Daktari alikuwa anamsubiri mama Jumatatu. Ilikuwa Ijumaa.

Jumamosi mvua laini ilinyesha, ikaacha, ukungu ukapanda. Nilikaa. Papa Déo alikuja akakaa nyuma yangu, kofia mkononi.

Nilikuwa kwenye fungu la tatu pale boya lilipofanya kitu ambacho halikuwahi kufanya. Wadogo hulivuta kwa mishtuko midogo midogo. Safari hii liliinuka kidogo, kama mtu anayevuta pumzi, kisha likazama pembeni, taratibu, bila haraka yoyote.

Niliinua mkono na nilichokigusa upande wa pili kilikuwa kizito, kinageuka na kugeuka chini ya yungiyungi. Papa Déo akanong'ona, "Pole pole, Katekista. Pole pole, kwa jina la Yesu." Samaki akaja juu kwa ubavu mmoja, upana wa kiganja changu, fedha iliyotiwa bluu mgongoni, na lile jicho jekundu likanitazama bila hofu. Urefu wake ulitoka kwenye kifundo cha mkono wangu hadi karibu na kiwiko. Nimesema sitaongeza chumvi.

Nilitaka kusimama nishangilie. Sista, aliyekuwa kwenye benchi lake, akaniambia nimalize fungu.

Nikamaliza. Nikatupa mbegu. Akaja wa pili, akaja wa tatu, na wa nne alikuwa mkubwa kuliko wote. Kisha kengele ikalia, ukungu ukainuka, na bwawa likafunga mlango. Hawakula tena.

Tulipokuwa tunaondoka Sista akatuasa jambo. Wabelgiji hawamli sana huyu, alisema, kwa sababu nyama yake imejaa miiba, mingine ya panda, myembamba kama sindano. Mtu mdhaifu anaweza kukwamwa nayo. Tuwe waangalifu sana na mama.

Furaha ikatutoka. Tulikuwa hatujafikiria miiba.

Papa Déo alipika hata hivyo. Nyanya, vitunguu, mawese na pilipili za Matonge, samaki wazima na vichwa vyao. Bukari ikasongwa. Tulimwekea mama meza karibu na dirisha na maji ya kunawa. Alinawa. Papa Déo akaketi karibu naye na uma, akaanza kuchambua samaki ili amtolee miiba, jasho likimtoka.

Mama akampiga kofi dogo mkononi.

"Acha."

Akamvuta samaki kwake. Akaingiza kidole gumba nyuma ya kichwa, akaufuata uti wa mgongo hadi mkiani, na nyama ikafunguka. Vidole vile vilikuwa vimekonda hata pete imefungwa uzi isidondoke. Lakini wakuu, vilikuwa vinajua. Havikutafuta. Vilikwenda moja kwa moja kwenye kila mwiba, vinauvuta, vinaulaza kwenye ukingo wa sahani, unafuata mwingine. Macho yake hayakuwa hata kwenye samaki, yalikuwa dirishani.

Alipopata nyama safi akaizungushia tonge la bukari. Sisi tukamkodolea macho.

Akampa Papa Déo.

"Kula."

Yule baba, ana mvi, alifungua kinywa kama mtoto akala. Mama akachambua tena. La pili akanipa mimi. "Katekista, kula. Bote mumekonda. Munashindwa hata kutoa mwiba, nani alikuwa anawalisha?" Nikala. Sijawahi kupokea tonge nikiwa na woga namna ile, isipokuwa Komunyo ya kwanza.

Akachambua la tatu. Akalitazama. Akatia mdomoni mwake, akatafuna polepole, akaomba pilipili.

Alikula samaki mzima. Kila alipokula tonge moja alitupatia sisi mawili, na ukingo wa sahani ukajaa miiba iliyopangwa kama sindano za mshonaji. Nje bwawa liling'aa kati ya miti.

Jumatatu daktari alimpima, akampima tena, akasema hatamlaza kwa sasa. Ilipita muda kidogo mama akamfukuza Papa Déo jikoni, akawa anapika mwenyewe. Alikaa nasi miaka kadhaa, na siku za jua Sista Godelieve alimletea kiti ukingoni, wanabishana kwa Kiswahili kuhusu nani anatupa mbegu nyingi mno. Wote wawili wamelala sasa. Mungu awapumzishe.

Somo nililopata ni hili. Wakubwa wapo chini ya wadogo. Lisha kidogo, usiache, kaa chini, pitisha ndoano yako kwenye kelele ifike kwenye utulivu. Hilo ni la gardon. Lakini nimeishi nikaona linanifaa kwenye sala pia. La mama sina uhakika kama ni somo. Tulimpa kila kitu kilichokwisha kutolewa miiba, naye alikuwa anangoja kitu chenye miiba ili awe na kazi ya kutufanyia.

Nimechoka, macho hayataki. Wenye uzoefu wa kuvua samaki huyu semeni chambo chenu kwenye comments, na wenye wazazi ughaibuni semeni wanakula nini. Nitasoma yote, taratibu, fungu kwa fungu.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mungu akuwekee mezani kitu ambacho mikono yako bado inakijua, na akuketishe karibu na mtu wa kumpa tonge la kwanza. Amina.